Shavu Langu, Kopo la Shangazi

Wasomaji wanne wameniandikia tangu nianze kusimulia mkasa huu. Nilifungua barua zao nikitegemea pole. Hakuna hata mmoja aliyenipa pole. Wote wanne wanauliza ile krimu inaitwaje.

Sitaitaja. Mkifika mwisho wa leo mtajua kwa nini.

Kwa uliyeokota gazeti hili kwenye kiti cha kinyozi na hunijui: mimi ni kijana mwenye digrii ya kemia na sina kazi ya kemia. Nauza vipodozi dukani kwa shangazi yangu, dada yake baba, aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita. Shangazi ana mchanganyiko wake wa chunusi. Anaukoroga mwenyewe kwenye beseni, chumba cha nyuma, kisha anautia kwenye makopo ya rangi ya waridi.

Mimi nilikuwa na chunusi tangu kidato cha pili. Nilipohamia dukani, alinipa kopo moja kwa mapenzi yote. Nikamwuliza mna nini ndani. Akacheka, akasema mpishi hatoi siri. Mtu wa kemia hajipaki kitu asichokijua, kwa hiyo sikujipaka. Nilikwenda kwa mfamasia wa mtaa wa pili, akanipa tyubu nyeupe ya dawa inayojulikana, na uso wangu ukapona.

Shangazi akaamini umepona kwa kopo lake. Akanipiga picha, akaibandika kwenye kioo cha duka, kando ya picha yangu ya zamani.

Nami nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu. Mengine yote mtakayosoma ni watoto na wajukuu wa kosa hilo.

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nyuma ya kaunta, mama mmoja mwenye mkoba mwekundu akininyooshea mkono.

“Mshike shavu,” shangazi alimwambia. “Usiogope, hang'ati.”

Mama akanishika. Vidole vyake vilikuwa baridi. Alipapasa kuanzia sikioni hadi kidevuni, kama mtu anayechagua kitambaa cha kushonea.

“Laini,” akasema.

“Uso huu ulikuwa kama ganda la fenesi,” shangazi akasema. “Nikimtuma sokoni, wanamwuliza analiuza zima au vipande.”

Wateja wakacheka. Mimi pia nikacheka.

“Ulitumia makopo mangapi, mwanangu?”

Nina jibu langu la siku zote. Huwa nasema, “Nilijipaka kila jioni, mama, bila kuruka.” Ni kweli nilijipaka. Sisemi nilijipaka nini. Kwa miezi mitano nimejificha nyuma ya sentensi hiyo, kama mtu mnene aliyejificha nyuma ya mti mwembamba.

Nilipofungua mdomo, shangazi akaniwahi.

“Mawili tu.”

Mama mwenye mkoba mwekundu akachukua matatu. Akaniambia Mungu anibariki. Nikamjibu amina.

Nilikwenda chumba cha nyuma kutafuta hewa. Sikuipata. Nilimkuta Kidoti.

Kidoti ni binti wa mwisho wa shangazi. Ana miaka kumi na tisa, na tunamwita hivyo kwa sababu ya alama nyeusi iliyo juu ya mdomo wake. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amejifunika uso kwa kitambaa kibichi.

“Kaka, funga mlango.”

“Kuna nini?”

“Nimeacha kujipaka siku tatu. Ona.”

Akaondoa kitambaa. Mashavu yalikuwa yamevimba na kuiva. Vipele vidogo, vyote vya ukubwa mmoja, vilikuwa vimezunguka mdomo na kushuka kidevuni kama mchele uliomwagika. Ile alama iliyompa jina sikuiona tena. Ilikuwa imepotelea katikati ya umati.

“Uso unawaka,” akasema. “Nikinawa, nalia. Nikijipaka mchanganyiko wa mama, saa mbili tu umepoa, huwezi kujua. Nikiacha, ndio huu. Na kila nikiacha unarudi na ndugu zake.”

“Ulianza na nini?”

“Chunusi tatu, kaka. Tatu. Ningeweza kuzipa majina.” Alijaribu kucheka, ngozi ikamkata, akaacha. “Sasa nataka kukuuliza kitu na usinizungushe. Wewe uliiachaje?”

Nilisikia kama mtu amezima feni.

“Niliacha nini?”

“Krimu. Wote ninaowajua bado wanajipaka. Fundi cherehani bado anajipaka. Yule mwalimu wa chekechea bado anajipaka, mwaka wa pili huu. Ni wewe peke yako uliyepona ukaacha. Ulipunguza kidogo kidogo? Ulivumilia siku ngapi? Nipe hesabu nami nitavumilia. Mimi si mwoga.”

Si mwoga, na mimi namjua. Jumatatu anaanza mafunzo ya uuguzi hospitalini, kitu alichokililia tangu akiwa mtoto anayewafunga bandeji paka.

“Nitakwambia,” nikasema.

“Lini?”

“Kesho.”

“Jumatatu nitamwinamia mgonjwa na uso huu? Si atadhani mimi ndiye nimelazwa.”

Akafungua kopo, akachota kwa vidole viwili, akajipaka mbele yangu. Nilitaka kumzuia. Nilitaka pia ajipake apumzike. Nilisimama pale nikitaka yote mawili, na hapo ndipo nilipoelewa kopo lile linavyomshika mtu.

Nilimwomba shangazi ruhusa ya nusu saa, nikaenda kwa mfamasia na kopo ndani ya mfuko wa karatasi.

Mfamasia ni dada mwembamba asiyependa maneno mengi. Mara ya kwanza nilipomwendea, nilikuwa nimejipaka krimu tatu tofauti kwa wakati mmoja, kila moja nimeshauriwa na mtu wake, na ngozi inabanduka kama rangi ya ukuta mkongwe. Aliniambia, “Mdogo wangu, uso si nyumba. Haupigwi rangi mara tatu.” Akanipa dawa moja, akaniamuru nisiongeze kitu juu yake isipokuwa sabuni laini na krimu ya kukinga jua. Wiki ya pili uso ulikauka. Ya tatu nilitaka kuitupa. Akanikataza kuhukumu kabla ya wiki ya nane. Wiki ya tisa nilijitazama kwenye kioo nikamwona mtu niliyekuwa nimemsahau.

Sasa nilimweleza yaliyompata Kidoti, naye akafungua kopo la waridi, akalinusa, akalifunga.

“Nahisi mna dawa ya ukurutu, ile kali. Lakini pua yangu si maabara.”

“Aiache?”

“Ameiacha ghafla, umeona kilichompata. Dawa ile inatuliza kila kitu, hata kile kinachopaswa kuuma. Ngozi inazoea kubebwa. Ukiitua ghafla, inapiga kelele. Anatakiwa amwone daktari wa ngozi, ashushwe polepole kama mtu anayeshuka ngazi.” Akanirudishia kopo. “Ila daktari atauliza jambo moja. Anashuka kutoka ghorofa ya ngapi? Mna nini humu, na kiasi gani?”

“Anayejua ni shangazi.”

“Mwulize.”

“Nikimwuliza, ataniuliza kwa nini.”

“Nawe utamjibu,” akasema, kama anayeniambia nimeze kidonge na maji mengi.

Tulipofunga duka shangazi alitangulia, nami nikafika nyumbani jua likiwa bado lipo. Shangazi alikuwa uani anaanua nguo. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno yangu, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sikupata kusema hata moja.

“Kaa hapo, baba,” akaniambia. Ananiita hivyo akiwa na jambo. “Nina neno na wewe.”

Akatandaza foronya magotini. Foronya yangu ya bluu. Katikati ilikuwa na mabaka meupe, makubwa, yenye umbo la shavu.

“Hii ni ya tatu. Na kola za mashati mawili. Nimeloweka, nimesugua. Huu si uchafu, hii ni rangi iliyokimbia.” Akashusha sauti. “Unajichubua?”

“Hapana, shangazi.”

“Usinifiche. Miezi naziona nguo hizi nanyamaza. Namwomba Mungu mtoto wa kaka yangu asiwe anajimwagia usoni dawa ya kufulia.”

Alikuwa na machozi. Miezi yote ile niliyomficha siri yangu, yeye alikuwa akinifichia siri nyingine kabisa aliyodhani ni yangu, mbaya kuliko ile ya kweli.

“Ni dawa ya chunusi,” nikasema. “Ya kwa mfamasia. Inaua vijidudu vya chunusi, lakini ikigusa nguo inakula rangi.”

“Kumbe. Tangu lini?”

“Tangu mwanzo.”

“Mwanzo upi?”

“Kopo lako sikujipaka hata siku moja, shangazi.”

Akaikunja foronya mara mbili. Akaikunja tena. Akaendelea kuikunja mpaka ikawa ndogo kama kipande cha sabuni.

“Miezi mitano nawashikisha watu shavu lako,” akasema.

“Ndiyo.”

“Na wewe umesimama tu.”

“Ndiyo, shangazi.”

“Ungeninong'oneza. Hata ukinipa kikombe cha chai, ungeninong'oneza.”

“Niliogopa kukuvunja moyo.”

“Na sasa umeufanya nini?”

Nilimweleza habari za Kidoti, za ngazi, za daktari na swali lake. Nilidhani atabisha. Akaniambia nichukue kalamu.

Niliandika alichosema. Krimu nyeupe ya mgando, kopo kubwa. Dawa ya ukurutu, tyubu mbili. Dawa ya fangasi, tyubu moja. Krimu ya kung'arisha inayokuja kwenye ndoo isiyo na maandishi. Manukato.

“Tyubu mbili kila beseni?” nikauliza.

“Zamani ilikuwa moja. Wateja wakasema imepoa.”

Nikaikunja karatasi ile nikaitia mfukoni kama cheti. Shangazi akanyoosha mkono.

“Sasa hiyo yako. Ilete niione.”

Nilimletea tyubu zote tatu nilizokuwa nazo. Moyo wangu, ndugu zangu, ulikuwa mwepesi kama pamba. Nilimfundisha yote, naye akasikiliza kama mwanafunzi wa kiti cha mbele. Unaosha uso, unausubiri ukauke. Unapaka uso mzima, si juu ya chunusi tu. Unaanza siku moja unaruka moja. Usikaribie macho wala midomo.

“Kiasi gani?” akauliza.

“Punje moja ya njegere. Basi.”

“Punje ya njegere,” akarudia. Akaomba nimwachie tyubu azisome vizuri. Nikamwachia. Nililala usingizi wa mtoto aliyesamehewa.

Asubuhi nilimkuta dukani kabla yangu. Beseni lilikuwa limejaa, mwiko umesimama katikati bila kuanguka. Mezani kulikuwa na tyubu tatu nyeupe zilizokamuliwa mpaka zikawa bapa, na kila moja imepasuliwa kwa mkasi ili kisibaki kitu.

“Shangazi. Umefanya nini?”

“Nimenyoosha mambo.” Alikuwa anafunika makopo, anaimba kwa pua. “Nimefikiri sana, baba. Nikajiuliza, uongo wetu uko wapi hasa? Nikauona. Watu wanashika shavu lililopona kwa dawa hii, halafu wanaondoka na kopo lisilo na dawa hii. Ndipo palipokuwa na dhambi. Basi sasa imo. Kuanzia leo, anayenunua ananunua kilichokuponya.”

Alikuwa amefurahi kwa moyo safi kabisa. Ningemkuta na hasira, ningejua la kufanya.

“Vitu hivi havichanganywi hivyo,” nikasema. “Hatujui vikikutana vinafanyana nini. Na kiasi je?”

“Nimepima.” Akanionyesha ncha ya kijiko. “Kila kopo, punje moja ya njegere. Si ulisema mwenyewe?”

Nilikaa chini juu ya ile ndoo. Miaka minne ya chuo, na somo la kwanza nililowahi kumfundisha mtu limeishia ndani ya beseni.

“Dawa gani iliyomponya?”

Ilikuwa sauti ya Kidoti. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, kopo tupu mkononi, amekuja kuchukua jipya. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

Shangazi alinitazama. Safari hii hakuniwahi.

“Sikuiacha krimu ya mama yako,” nikamwambia Kidoti, “kwa sababu sikuwahi kuianza. Nilipona kwa dawa nyingine. Uliponiuliza jana, sikuwa na hesabu ya kukupa. Sina.”

Nilitegemea kofi. Ningelipokea. Yeye alisimama tu, midomo inacheza kidogo, kama anayejumlisha kitu kichwani.

“Kwa hiyo hakuna aliyeacha,” akasema. “Hata mmoja.”

Akapita kati yetu, akaenda mbele. Tulisikia ufunguo ukizunguka kwenye kitasa. Wateja wawili wa mapema walikuwa tayari kizingitini, vivuli vyao vinaonekana kupitia kioo, chini ya picha zangu mbili. Akachomoa ufunguo, akarudi nao.

“Hamfungui,” akasema. “Mpaka mmoja wenu aniambie nifanye nini na uso huu. Msomi mmoja, mtaalamu mmoja. Nani anaanza?”

“Tuna orodha,” nikasema. “Kila kitu nimekiandika. Leo hii tunakwenda kwa daktari, atakushusha polepole. Itachukua miezi, sitakudanganya tena. Lakini kuna njia.”

“Una uhakika?”

“Mfamasia amesema.”

“Wewe umemwona mtu aliyeshuka?”

Ningesema ndiyo. Ulimi ulikuwa tayari, umeshazoea kazi hiyo.

“Sijamwona,” nikasema.

Kidoti akamgeukia mama yake. Nadhani alitaka kumlaumu, na alikuwa na haki. Lakini shangazi alikuwa amesimama kwenye ndoo ya maji, ametupa mgongo. Alichukua kitambaa, akakilowesha, akakikamua. Akajifuta paji la uso. Akajifuta shavu la kulia, akajifuta la kushoto. Kitambaa kilitoka na rangi ya kahawia ya poda. Akakisuuza, akarudia.

Kisha akageuka.

Nimeishi na mwanamke huyu tangu nina miaka sita. Huamka kabla yetu sote, na hajawahi kutokea mezani bila poda. Siku zote nilidhani ni urembo.

Ngozi ya mashavu yake ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Mishipa ilionekana chini yake, imechorwa kama kwa kalamu nyekundu. Pembeni mwa mdomo kulikuwa na vipele vile vile, vya ukubwa ule ule, vya zamani na vipya.

“Mama,” Kidoti akasema. “Mwaka wa ngapi?”

“Wa tisa.”



“Nilikuwa na mabaka tu,” shangazi akasema. “Rafiki yangu akanipa kopo. Alipohama, nikashindwa kutoka nje ya nyumba wiki mbili. Nikajifunza kukoroga mwenyewe. Wateja walikuja baadaye, waliona uso wangu umetakata wakauliza. Mnadhani nakoroga kwa ajili yao. Siku nitakayoacha kukoroga, wa kwanza kuungua ni mimi.” Akajishika shavu kwa ncha za vidole, taratibu, kama linalouma. “Ulipopona wewe, baba, nilifurahi kuliko watu wote. Nikajua basi kopo linaponya. Nikajua ni mimi tu niliyekuwa na bahati mbaya. Nilikuwa nakuangalia kila siku nikijiambia, mwaka huu na mimi nitaacha.”

Niliishika ile karatasi mfukoni. Nilikuwa nimeiandika kwa ajili ya uso mmoja.

Mlangoni wakagonga.

“Msomi,” sauti ya mwanamke ikaita. “Mnafungua au mmehama? Nimewaleta wadogo zangu waje wakuone.”

Vivuli kwenye kioo sasa vilikuwa vitano. Makopo mapya yalikuwa yamepangwa kwenye kaunta, yote yamefunikwa, kila moja na punje yake.

Kidoti alimtazama mama yake kwa muda, akanyoosha mkono, akamfuta tone la maji kidevuni. Halafu akaja akaniwekea ufunguo kiganjani.

“Kafungue,” shangazi akaniambia. Hakuwa na hasira, wala hakuwa na poda. “Waambie unachotaka, sitakuzuia tena. Lakini kabla hujafungua, nionyeshe mimi na mwanangu tutapitia wapi.”

Wakagonga tena.

Nilitazama chumba kizima, ukuta hadi ukuta, kama mgeni. Duka letu halina mlango wa nyuma.